Maji, ORS, vidonge vya mapovu au maziwa ya lishe: kipi kimfae mzee anayepungukiwa maji mwilini

Ingia duka lolote la dawa useme unatafuta kitu cha kumwongezea mzee maji mwilini. Utaonyeshwa pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayehara), vidonge vinavyotoa mapovu vikitiwa majini, chupa za vinywaji vya wanamichezo, makopo ya unga wa protini na chupa ndogo za maziwa ya lishe. Vyote vinauzwa kwa ahadi inayofanana, lakini havifanyi kazi moja, na baadhi vinaweza kumzidishia mzee wako tatizo. Nitavilinganisha hapa, ila kuna swali moja la kujibu kwanza, maana linaamua karibu kila kitu kinachofuata: mzee amepungukiwa maji kwa sababu hanywi, au kwa sababu yanamtoka?

## Hanywi, au yanamtoka?

Mzee asiyekunywa vya kutosha hupoteza maji peke yake. Pumzi, ngozi na mkojo vinaendelea kuyatoa kama kawaida, chumvi za mwilini zinabaki, na damu inazidi kukolea. Hospitalini ukolezi huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho osmolaliti; kikizidi 300 mOsm/kg, mwili umepungukiwa. Anayehara, anayetapika au anayetokwa na jasho jingi kwa saa nyingi yuko kwenye hali nyingine kabisa: maji yanaondoka pamoja na sodiamu na potasiamu, na damu yenyewe inapungua ndani ya mishipa. Wa kwanza anahitaji maji. Wa pili anahitaji maji na chumvi.

Wazee wengi wanaokaa nyumbani bila kuumwa wako kundi la kwanza. Bidhaa nyingi zinazonadiwa kwao zimetengenezwa kwa ajili ya kundi la pili, na hapo ndipo pesa hupotea.

Na kwa nini hanywi? Kiu yenyewe hufifia na umri. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1984 liliwanyima maji kwa saa 24 wanaume wenye afya wa miaka 67 hadi 75, na vijana wa miaka 20 hadi 31. Damu ya wazee ilikolea zaidi, lakini wao ndio waliosikia kiu kidogo, na maji yalipoletwa wakanywa machache kuliko vijana. Ongeza figo ambazo haziwezi tena kukoleza mkojo na kubakiza maji kama zamani. Ongeza pia akiba iliyopungua: misuli ni maji kwa kiasi cha robo tatu, mafuta yana maji machache, na mzee misuli yake imesinyaa. Kijana wa kiume ana maji takriban 60% ya uzito wake. Mzee anakaribia nusu tu.

Kuna sababu nyingine ambayo huikuti kwenye lebo ya bidhaa yoyote. Wazee wengi hujinyima maji makusudi. Wanaogopa kuamka usiku mara tatu kwenda chooni, wanaogopa kuanguka gizani, wanaogopa aibu ya kulowa mbele za watu. "Nimeshakunywa," atakwambia, na glasi iko palepale ulipoiweka. Kwa mzee wa namna hii pakiti ya chumvi haina msaada wowote. Mpe sehemu kubwa ya vinywaji vyake asubuhi na mchana, upunguze jioni, umwekee taa ya njia ya chooni, na mpeleke kibofu kikaangaliwe, maana kushindwa kuzuia mkojo kuna matibabu.

Tahadhari moja kuhusu vipimo vya nyumbani. Watu wengi hufinya ngozi ya mkono, huangalia ulimi au huangalia rangi ya mkojo. Mwongozo wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya kitabibu, unasema wazi kwamba dalili hizo zisitumike kuamua kama mzee amepungukiwa maji, kwa sababu ngozi ya uzeeni hukunjamana hata mwili ukiwa na maji tele, na mdomo hukauka kwa dawa nyingi tu. Rangi ya mkojo ndiyo inayowapotosha zaidi wanaotumia virutubisho: kidonge cha vitamini B kina riboflavini, nayo huufanya mkojo uwe wa njano kali hata kwa mtu aliyekunywa lita mbili.

## Vinywaji vya kawaida dhidi ya ORS

ESPEN inapendekeza mwanamke mzee anywe angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku, na mwanamume angalau lita 2.0, isipokuwa kama kuna ugonjwa unaodai vinginevyo. Kwa glasi ya mililita 200, hizo ni glasi nane kwa mama na kumi kwa baba. Maji yaliyomo kwenye chakula hayahesabiwi humo.

Neno lililotumika ni vinywaji. Chai inahesabika. Kahawa pia, na maziwa, na juisi, na mchuzi mwepesi. Ile imani kwamba chai na kahawa "zinakausha mwili" imewanyima wazee wengi kinywaji pekee wanachokifurahia. Kafeini huongeza mkojo kidogo kwa asiyeizoea, lakini kwa vikombe vya kawaida sehemu kubwa ya maji hubaki mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa wanaume vijana 72 lita moja moja ya vinywaji mbalimbali na kupima mkojo uliotoka saa zilizofuata. Chai na kahawa hazikutofautiana na maji. Vilivyokaa mwilini muda mrefu zaidi vilikuwa ORS na maziwa. Hao walikuwa vijana wenye afya, si wazee, kwa hiyo usiyachukue matokeo kama sheria. Lakini kwa chai yanatosha kuondoa hofu.

ORS nayo ina historia ya heshima. Siri yake iko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba: glukosi na sodiamu huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huvifuata. Ndiyo maana inafanya kazi hata utumbo ukiwa unavuja kwa kipindupindu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa mdomo. Vifo vilivyokuwa karibu 30% vilishuka chini ya 4%.

Lakini iangalie kwa jicho la mtu asiyehara. Fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 13.5 za glukosi kwa kila lita. Piga hesabu ya sodiamu: ni takriban miligramu 1,725. WHO hiyohiyo inashauri mtu mzima asivuke miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Kwa hiyo lita moja ya ORS inakaribia kumaliza posho yote ya siku kabla mzee hajagusa sahani. Mwenye presha ukampa kila siku "ili asikaukiwe", unamwongezea mzigo ambao dawa yake ya presha inahangaika kuushusha. Na kwa mzee ambaye damu imeshakolea kwa kutokunywa, ESPEN inasema ORS na vinywaji vya wanamichezo havihitajiki. Anahitaji kunywa zaidi, tena kile anachokipenda mwenyewe.

Hukumu yangu hapa haina wasiwasi. Kwa kila siku: maji, chai, maziwa, chochote anachokimaliza bila kusukumwa. Siku ya kuhara au kutapika: ORS, na hapo usibanie, mililita 200 hadi 400 baada ya kila choo cha majimaji, kwa funda ndogondogo kama anatapika. Weka pakiti chache nyumbani, zikingoja siku hiyo.

Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi vitasaidia, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Kosa la kawaida ni kujaza chumvi kilima. Kijiko chenye kilima huongeza sodiamu sana, na maji yanayozidi machozi kwa uchumvi hayafai kunywewa. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, kwa hiyo ni wa kuvushia tu. Mchanganyiko wowote, wa pakiti au wa nyumbani, umwagwe baada ya saa 24.

## Vinywaji vya wanamichezo na vidonge vya mapovu

Hivi viwili hukaa rafu moja na ORS, lakini undani wao haufanani nayo. Takwimu za kinywaji cha wanamichezo na za maziwa ni za kukadiria, kwa kuwa kila mtengenezaji ana kipimo chake:

| Kwa lita moja | Sodiamu | Potasiamu | Sukari | Siku ya kawaida | Siku ya kuhara |
|---|---|---|---|---|---|
| Maji | kidogo sana | kidogo sana | hakuna | ndiyo | hayatoshi peke yake |
| ORS ya WHO | mg 1,725 | mg 780 | g 13.5 | hapana | ndiyo |
| Kinywaji cha wanamichezo | mg 400–500 | mg 100–150 | g 60 hivi | hapana | hapana |
| Maziwa | mg 400–450 | mg 1,500 hivi | g 48 (laktosi) | ndiyo | ngoja kuhara kuishe |

Kinywaji cha wanamichezo kilitengenezwa kwa ajili ya kijana anayekimbia juani. Sukari yake ni zaidi ya mara nne ya ORS, na sodiamu ni kama robo. Kwa mzee anayehara, sukari nyingi kiasi hicho inaweza kuvuta maji kuingia kwenye utumbo badala ya kuyatoa, na kuhara kukazidi. Kwa mwenye kisukari sina haja ya kueleza. Ninachokiri ni kwamba mzee mwenye afya aliyetoka kufanya kazi ya jasho, akikitaka kwa ladha, akinywa glasi moja hakitamdhuru. Kukinunua kama kinga ya kila siku ni kununua soda.

Vidonge vya mapovu vina hadaa yake. Vingi havina sukari, vina vitamini kadhaa, na mzee hufurahia kuona maji yanachemka kwenye glasi; nimeona waliokuwa hawagusi maji wakimaliza glasi nzima kwa sababu ya limao lile na yale mapovu, na hilo si jambo dogo. Lakini mapovu yenyewe hutengenezwa na tindikali ikikutana na bikaboneti, mara nyingi bikaboneti ya sodiamu. Sodiamu hiyo haionjeki kama chumvi. Kidonge kimoja cha paracetamol ya mapovu kinaweza kubeba karibu miligramu 400 za sodiamu. Mzee mwenye maumivu ya magoti akitumia vinane kwa siku, ambacho ndicho kikomo cha dozi, amevuka miligramu 3,000 kwa dawa ya maumivu pekee. Kisha juu yake anatiwa vitamini ya mapovu asubuhi na chumvichumvi ya mapovu mchana.

Kwa hiyo ukikipenda kidonge cha mapovu, ligeuze bomba lake usome mstari wa sodiamu kwa kidonge kimoja, kisha uzidishe kwa idadi anayotumia. Kama kinachomvutia ni limao na gesi, maji ya soda yasiyo na sukari na kipande cha limao yatampa vyote viwili.

## Maziwa ya lishe na unga wa protini

Hapa ndipo familia nyingi huchanganya mambo mawili. Mzee amekonda, hali vizuri, ngozi imelegea. Daktari au jirani anashauri virutubisho vya kunywa, zile chupa ndogo zenye ladha ya vanila. Familia inapumua: sasa anakula na kunywa kwa pamoja. Chakula ndiyo, kinywaji kwa sehemu tu.

Chupa ya mililita 200 yenye nguvu ya kilokalori 1.5 kwa mililita humpa kilokalori 300, na kwa aina zenye protini nyingi, gramu 20 hivi za protini. Maji halisi ndani yake ni takriban mililita 150, na kadiri kinywaji kinavyokolezwa ndivyo maji yanavyopungua. Juu ya hilo, mabaki ya protini hutolewa na figo kama urea, na urea haitoki bila maji. Figo ya mzee, ambayo haikolezi mkojo vizuri, inatumia maji mengi zaidi kuiondoa. Mzee anayekunywa chupa mbili kwa siku, akashiba, akaacha chai yake ya saa nne na maji yake ya saa nane, anaweza kuishia na maji machache kuliko kabla hujaanza kumlisha.

Hiyo si sababu ya kumnyima. Kwa mzee aliyekonda au aliye hatarini, ESPEN inapendekeza virutubisho hivi vitoe angalau kilokalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, na vinasaidia kweli. Sababu ya kutaja haya ni kwamba kila chupa iandamane na glasi yake ya kinywaji chepesi, si kwa wakati uleule bali saa moja au mbili baadaye. Njia moja inayotumika hospitalini ni kumpa maziwa hayo kama dawa, mililita 60 mara nne, pamoja na vidonge vyake, ili tumbo lisijae na nafasi ya maji ibaki.

Unga wa protini unaochanganywa nyumbani una faida moja dhidi ya chupa: wewe ndiye unayeamua kiasi cha maji, na unaweza kuulegeza. Hasara yake ni kwamba unakosa vitamini, madini na mafuta ya chupa, na mikono yenye haraka huuchanganya mzito kama uji. Mzee asiyekonda, anayekula vizuri milo mitatu, hana haja na chochote kati ya viwili hivi kwa ajili ya maji.

## Virutubisho vinavyokausha

Watu wakiuliza kirutubisho gani kinazuia upungufu wa maji, mimi huwauliza kwanza wanachotumia tayari. Mara nyingi jibu la kwanza ni kuondoa, kabla ya kuongeza.

Magnesiamu ni mfano mzuri. Inanunuliwa kwa ajili ya mikakamao ya misuli na usingizi, lakini ile isiyofyonzwa huvuta maji kwenye utumbo. Ndiyo hiyohiyo inayotumika kama dawa ya kulainisha choo. Kikomo cha magnesiamu ya virutubisho ni miligramu 350 kwa siku kwa kipimo cha Marekani, na Ulaya wameweka 250. Choo kikilegea, punguza au acha, usikimbilie ORS huku unaendelea kumpa. Vitamini C ya dozi kubwa nayo, kuanzia gramu 2, huharisha.

Vitamini D ina hatari yake, nayo haionekani upesi. Marekani wanapendekeza 800 IU (vipimo vya kimataifa) kwa siku kwa walio juu ya miaka 70 na kikomo cha 4,000 IU. Dozi kubwa kwa miezi mingi, hasa pamoja na vidonge vya kalsiamu, inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipanda figo hushindwa kuyashika maji. Mzee anakojoa sana, anakosa choo, anachoka, anaanza kuchanganyikiwa. Familia huona mtu aliyekaukiwa na kumjaza maji, kumbe chanzo kiko kwenye kichupa cha vidonge kilicho juu ya kabati.

Unga wa nyuzinyuzi wa ispaghula hauharishi, lakini hula maji: huvimba mara nyingi ya ukubwa wake. Unadai glasi nzima, takriban mililita 240, kila unapotumika, na mzee asiyeweza kumaliza glasi hiyo asipewe. Ukimezwa kwa funda mbili unaweza kuvimba kooni ukamziba, au ukakaa tumboni ukazidisha kufunga choo kuliko kulikokuwapo. Chai za "kusafisha mwili" na za kupunguza unene mara nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, au majani ya kukojoza. Kwa mzee sioni hata sababu moja ya kuzipa nafasi.

## Anayepaliwa: jeli au kinywaji kizito?

Baada ya kiharusi, au kwa mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) au dimenshia (kupotewa na kumbukumbu na akili), tatizo linaweza kuwa koo. Kinywaji chepesi kinakimbia kabla koo halijajifunga na kuingia njia ya hewa. Dawa iliyozoeleka ni unga wa kukifanya kinywaji kiwe kizito, wa wanga au wa gamu ya zanthani. Watu huogopa kwamba unga huo "unayafunga" maji yasifyonzwe. Hapana; utumbo huyapata karibu yote. Tatizo ni kwamba mzee hakimalizi. Kinywaji kizito hakikati kiu, ladha yake hubadilika na kinabaki mdomoni. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa 515 wenye dimenshia au Parkinson: kati ya waliopewa vinywaji vizito, 6% walipungukiwa maji, dhidi ya 2% ya wale waliofundishwa tu kuinamisha kidevu wanapomeza.

Vipande vya jeli ya maji ni njia nyingine, na vipo vinavyouzwa vyenye maji zaidi ya 90%. Kwa mwenye dimenshia asiyejua tena glasi ni ya nini, kipande cha rangi anachoweza kukishika kwa vidole humvutia kuliko maji. Ila jeli ya jelatini huyeyuka kwa joto la mdomo ikawa maji mepesi yaleyale yanayompalia, kwa hiyo kwa mwenye tatizo la kumeza uliza kwanza mtaalamu aliyempima koo. Kwa asiyepaliwa, anayekataa glasi tu, jeli naiweka mbele ya unga mzito bila kusita.

## Moyo, figo na dawa za kila siku

Hapa ulinganisho wote unaweza kupinduka. Mzee ambaye moyo haupampu vizuri huenda amewekewa kikomo cha vinywaji, mara nyingi kati ya lita 1.5 na 2, na sodiamu ya ORS kwake ni miguu kuvimba na pumzi kukata. Mwenye figo dhaifu hatakiwi kupewa kiholela potasiamu wala protini ya ziada. Anayetumia dawa za presha za jamii ya enalapril au losartan, au spironolactone, tayari anabakiza potasiamu zaidi. ORS ya siku mbili za kuhara chini ya uangalizi ni sawa, vidonge vya potasiamu na ile "chumvi mbadala" ya kloridi ya potasiamu si vya kujinunulia.

Kwa anayetumia hydrochlorothiazide au baadhi ya dawa za sonona, hatari inaweza kuwa ya upande wa pili: sodiamu ya damu kushuka chini ya 135 mmol/L. Ukimlazimisha maji matupu lita tatu kwa siku huku anakula kidogo, utaishusha zaidi, na dalili zake, uchovu, kuchanganyikiwa, kuanguka, zinafanana mno na za kukaukiwa. Hapo kipimo cha damu ndicho kitakachoamua.

Siku ya kuhara au kutapika, baadhi ya dawa hizi husimamishwa kwa muda: dawa za kukojoza kama furosemide, zile za jamii ya enalapril, metformin, na za kisukari kama dapagliflozin na empagliflozin. Muulize daktari mapema, mzee akiwa mzima, ni zipi kati ya dawa zake zisimame na kwa siku ngapi. Kisha liandike jibu kwenye karatasi mlangoni mwa kabati la dawa.

## Kidonge na glasi

Tazama siku moja mzee anavyomeza dawa. Kidonge kiganjani, kinatupwa mdomoni, funda moja, kichwa kinarudishwa nyuma, glasi inarudi mezani ikiwa na robo tatu ya maji. Zoezi hilo hufanyika mara tatu kwa siku. Kama kila mara angeimaliza glasi ya mililita 200, angekuwa amekunywa mililita 600, zaidi ya theluthi ya lita 1.6 za mwanamke, bila kukumbushwa maji hata mara moja. Badala ya kusema "kunywa maji, mama", sema "malizia dawa". Glasi iwe nyepesi, isijazwe hadi ukingoni kwa mkono unaotetemeka, na iwe kinywaji anachokipenda kama dawa hiyo inaruhusu, maana zipo zinazotaka maji matupu. Ukiniuliza faida kubwa kuliko zote ya virutubisho kwa maji ya mzee, ni hiyo: vinampa sababu ya kushika glasi.

## Vikishindikana vyote

Kuna hali ambazo kuchagua kati ya bidhaa hizi kumeshapita wakati wake. Mzee anasinzia asiweze kukaa na kumeza, hajakojoa kwa saa nyingi, amechanganyikiwa ghafla, anaona kizunguzungu akisimama hadi anataka kuanguka, anatapika kila anachopewa, au choo kina damu. Huyo apelekwe hospitali. Huko atapewa maji kwa dripu ya mshipani, au kwa sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo au paja, njia ya taratibu inayowafaa wazee ambao mishipa yao haipatikani.

Mkiondoka nyumbani, tia kwenye mfuko kila kitu anachotumia, si dawa za daktari peke yake. Kichupa cha vitamini D, bomba la vidonge vya mapovu, kopo la protini na ile chai ya kusafisha mwili viende pia, kwa sababu havimo kwenye kadi yake, na daktari hatavijua msipovitoa mezani.